Kasa wa Nyika za Kansas

Hapo zamani, lakini si ile zamani ya Sungura na Fisi. Hii ni zamani yenye tarehe. Mwezi Julai 1871, kundi la wanafunzi wa Chuo cha Yale, Marekani, lilikuwa likizunguka magharibi ya Kansas kutafuta mifupa ya kale. Mkuu wa safari alikuwa profesa Othniel Charles Marsh, mtu mwenye fedha za mjomba wake na uchu wa mifupa usiokatika. Karibu na ngome ya kijeshi ya Fort Wallace wakakuta mifupa ya kasa mkubwa ajabu. Wakaichimbua, wakaifunga, ikasafirishwa hadi Yale, ikawekwa. Hakuna aliyeandika lolote juu yake.

Miezi michache tu baadaye akatokea mtu mwingine pale pale Kansas: Edward Drinker Cope wa Philadelphia, hasimu wa Marsh. Watu hawa wawili walichukiana kiasi kwamba mmoja akipata mfupa, mwenzake halali. Cope akaona mifupa imechomoza kwenye ukingo wa chaki ya manjano, karibu na kijito kiitwacho Butte Creek. Akachimba. Alikuwa kasa wa aina ile ile waliyoipata wanafunzi wa Yale. Cope hakuwa mtu wa kuweka mali ghalani. Akaandika, akachapisha, akampa jina: Protostega gigas.

Basi niambieni, mwenye kasa ni nani? Waliotangulia kuchimba ni vijana wa Yale. Lakini nendeni leo kwenye makumbusho yoyote duniani, mtakuta jina ni la Cope. Katika kazi hii jembe halimpi mtu haki ya jina. Kalamu ndiyo inayompa.

Lakini naona mmoja wenu ameshakunja uso. Kansas na kasa wapi na wapi? Kweli, kutoka Fort Wallace hadi pwani iliyo karibu ni zaidi ya kilomita 1,000, na njia nzima ni nyika na mashamba. Ila miaka milioni 85 hivi iliyopita hapakuwa nyika. Bahari ya kina kifupi ilikuwa imeikata Amerika ya Kaskazini vipande viwili, kuanzia Ghuba ya Meksiko hadi Aktiki. Maganda madogo mno ya mwani yalinyesha polepole hadi sakafuni, mwaka baada ya mwaka, mpaka yakawa matabaka manene ya chaki. Kasa aliyekufa alizama, akafunikwa. Bahari ikaondoka, kasa akabaki.

Sasa tuje kwenye majina. Jina la kisayansi lina sehemu mbili. La kwanza ni la jenasi, nalo hufanya kazi kama jina la ukoo. La pili ni la spishi, yaani la mwenyewe ndani ya ukoo huo. Utaratibu huu ulienezwa na Msweden Carl Linnaeus, na kwa majina ya wanyama tunaanza kuhesabu kutoka kitabu chake cha mwaka 1758. Katika kitabu hicho kasa wetu wa kawaida, huyu anayepanda Mafia na Lamu kutaga, aliitwa Testudo mydas. Linnaeus alimtia kwenye jenasi moja na kobe wa nchi kavu! Baadaye wataalamu wakaona hapana, huyu ana ukoo wake, wakamhamishia jenasi ya Chelonia. Ndiyo maana vitabuni huandikwa Chelonia mydas, kisha jina la Linnaeus na mwaka 1758 ndani ya mabano. Mabano hayo si pambo. Yanasema: huyu aliitwa hivi na Linnaeus, lakini tangu hapo amehamishwa ukoo. Mkiyaona mabano kwenye kibao cha makumbusho, jueni pana ugomvi wa zamani hapo.

Wavuvi wetu nao wameainisha kasa wao bila kumsubiri Linnaeus. Bahari yetu ina kasa wa aina tano: kasa mwenyewe, ng'amba, duvi, kigome na noa, ingawa kuna vijiji vyenye majina mengine. Mvuvi hutazama mdomo wa ng'amba uliochongoka kama ule wa kasuku, hutazama kichwa kikubwa cha duvi, na noa hana haja ya kumtazama mara mbili, maana ndiye peke yake asiye na magamba magumu mgongoni, kajifunika ngozi. Mtaalamu wa visukuku angependa sana kufanya hivyo, lakini yeye hana ngozi, hana rangi, na mara nyingi hana hata mnyama mzima. Ana mfupa, tena uliovunjika.

Kwa hiyo hutazama nini? Shikeni mfupa wa mkono wa kobe wa porini, ule wa juu unaoshikana na bega. Umejipinda, na karibu na kichwa chake pana vinundu viwili. Sasa shikeni ule ule wa kasa. Umenyooka na umebapa. Kinundu kimoja kimepanda juu kupita kichwa cha mfupa, na kingine kimeteremka chini kuelekea katikati. Vinundu hivyo ni mahali misuli inaposhika, na misuli ya kupiga maji haivuti inavyovuta misuli ya kutembea. Mfupa huo mmoja ukiokotwa peke yake unatosha kumwambia mjuzi kama mwenyewe alitembea au aliogelea, na pengine hata ni kasa wa kundi lipi.

Tena kuna jambo moja zuri zaidi. Yale magamba mnayoyaona mgongoni mwa kasa huoza, hayageuki jiwe kwa urahisi. Lakini kila mahali gamba moja lilipokutana na jingine, mfupa ulio chini yake ulijichora mfereji mwembamba. Magamba yakishaoza, mifereji inabaki. Kasa na ng'amba wana magamba manne kila upande wa mgongo, duvi ana matano, kigome kwa kawaida ana sita au zaidi. Kwa hiyo mtaalamu aliyeketi na kipande cha mgongo chenye umri wa miaka milioni 50 anaweza kupitisha kidole kwenye mifereji na kuhesabu magamba ambayo hakuna jicho la mtu lililowahi kuyaona.

Hayo yote yanahitaji mifupa iwekwe mahali pake, na hapo ndipo Cope alipoteleza. Alikuwa na mabamba makubwa ya mfupa, yenye kingo zilizochongoka kama miali. Akayaweka juu ya mbavu, akaamini ni sehemu ya paa la kasa. Na hilo jina lenyewe, Protostega, kwa Kigiriki ni paa la kwanza. Waliokuja baada yake wakayachunguza tena wakakuta ni mabamba ya tumboni. Cope alikuwa ameweka sakafu darini. Wala haikuwa mara yake ya kwanza kupindua mambo: miaka miwili kabla alikuwa ametoa mchoro wa mtambaazi wa baharini mwenye shingo ndefu, Elasmosaurus, naye pia wa Kansas, akamwekea kichwa mwishoni mwa mkia. Marsh hakuacha kulikumbusha jambo hilo maisha yake yote.

Je, jina Protostega lilifutwa kwa kuwa limejengwa juu ya wazo lisilo sahihi? Halikufutwa, na sababu yake ndiyo ninayotaka muishike kuliko zote. Jina la kisayansi halifungwi kwenye wazo, wala kwenye mchoro, wala kwenye maana ya Kigiriki. Limefungwa kwenye mfupa. Kila spishi mpya ina kielelezo kimoja kilichoteuliwa, kiitwacho holotaipu, chenye namba yake, kwenye kabati la makumbusho fulani. Mnaweza kubadili mawazo yenu juu ya kielelezo hicho mara mia, jina halibanduki.

Miaka 24 baada ya safari ile ya Kansas, kijana mwingine wa Yale, George Reber Wieland, alikuwa Dakota Kusini kando ya mto Cheyenne. Akapata kasa aliyemfanya hata Protostega aonekane mdogo. Safari hii Yale hawakulala. Mwaka uliofuata, 1896, Wieland akamtangaza Archelon ischyros. Mguu wa nyuma wa kulia wa kasa huyo umekatika, na Wieland alisema aling'atwa na mnyama mwingine angali mdogo, akapona, akaendelea kukua hivyo hivyo na kigutu chake. Kuna mwingine wa aina hiyo hiyo katika makumbusho ya Vienna, Austria, mwenye urefu wa zaidi ya mita 4 kutoka pua hadi mkia. Tokeni nje, pimeni mita 4 kwa hatua, halafu mtu mmoja alale katikati yake. Ndipo mtajua tunazungumza nini.

Wieland alikuwa mtu mwenye heshima kwa wakubwa. Mwaka 1900 akaita kasa mwingine Archelon marshii, kwa kumkumbuka Marsh aliyefariki mwaka mmoja kabla. Mwaka 1909 akaita mwingine copei, kwa kumkumbuka Cope. Mahasimu wote wawili wakapata kasa! Baadaye yeye akaachana na kasa, akahamia kwenye mimea ya kale. Lakini wataalamu wa siku hizi wamepitia upya mifupa ile na kuamua kwamba marshii ni ischyros yule yule tu, mtu mmoja mwenye majina mawili, na lililotangulia ndilo linalosimama. Copei jina lake li hai, ila amehamishiwa jenasi nyingine. Hata makaburini Cope amemshinda Marsh, jambo ambalo nadhani lingemkera marehemu.

Mnyama mmoja kuwa na majina mengi si ajabu katika fani hii, na aliyetia fora ni Richard Owen wa Uingereza, huyo huyo aliyebuni jina la dinosaria. Mahali mto Thames unapomwagika baharini kuna kisiwa cha Sheppey, na kwenye udongo wake wa mfinyanzi hupatikana kasa wa miaka milioni 50 hivi iliyopita. Katika miaka ya 1840 Owen aliwatazama mmoja mmoja. Huyu ana fuvu refu: akamwita Chelone longiceps, yaani kichwa kirefu. Huyu ana fuvu fupi: jina. Huyu mgongo umebinuka: jina. Huyu mbavu nene: jina. Mtu asiyejua angedhani bahari ya London ilikuwa soko la kasa.

Sasa nendeni ufukweni siku mayai yanapopasuka, muwatazame watoto wa kasa, halafu mumtazame mama yao. Kichwa cha mtoto ni kikubwa kwa mwili wake, macho yamejaa uso, na mgongo una matuta ambayo mama hana. Wawili hao wangefika mezani kwa Owen wakiwa mawe, wametenganishwa, mmoja amekandamizwa na udongo upande, mwingine kutoka juu, hakuna wa kumhakikishia kuwa ni damu moja. Kazi ya kuwarudisha ndugu nyumbani ilimwangukia Richard Moody, aliyekusanya vielelezo vya Uingereza na Ubelgiji, akavilinganisha kwa subira, na mwaka 1974 akachapisha matokeo. Longiceps na majina mengine kadhaa yaliingia chini ya kasa mmoja: Puppigerus camperi. Kwa nini camperi na si longiceps, wakati longiceps angalau linaeleza sura yake? Kwa sababu camperi lilitolewa na John Edward Gray mwaka 1831, kabla ya Owen. Sheria haijali jina lipi ni zuri. Inajali lipi lilitangulia. Gray alikuwa akimkumbuka Petrus Camper, daktari wa Uholanzi. Na hiyo jenasi Puppigerus aliibuni nani? Cope. Hamumkwepi.

Nimewaambia kwamba noa hana magamba magumu. Chini ya ngozi yake kuna maelfu ya vipande vidogo vya mfupa vilivyobanana. Archelon na Protostega nao walikuwa na mgongo wazi wazi, mbavu zimeachana, na inaonekana walifunikwa na ngozi. Basi watu wengi wakasema: mambo ni rahisi, hawa ni babu zake noa, au angalau ndugu za babu. Wengine wakapinga. Wakasema bahari huwachonga wote wanaoishi ndani yake kwa patasi moja. Mgongo mzito ni mzigo kwa muogeleaji wa mbali, kwa hiyo kila ukoo unaoingia bahari kuu utaupunguza, awe ndugu au asiwe. Kufanana hakuthibitishi undugu. Nyangumi ana umbo la samaki na si samaki.

Tena tunajua kwamba kobe wameingia baharini zaidi ya mara moja. Angola, kwenye miamba ya miaka milioni 90 hivi ya Iembe, ulipatikana mfupa wa kobe wa baharini aliyepewa jina Angolachelys mbaxi mwaka 2009, na huyo si wa ukoo wa kasa wetu hata kidogo. Walioingia maji ya chumvi kabla yake, zama za Jura, huko Ulaya, nao walikuwa wa ukoo mwingine. Sasa swali ni hili: Archelon na jamaa zake waliingia pamoja na mababu wa kasa wetu, au waliingia kwa mlango wao wenyewe?

Shahidi muhimu ni kasa mdogo wa sentimita 20 hivi, aliyetoka kaskazini mashariki ya Brazili, kwenye miamba ya miaka milioni 110. Mjapani Ren Hirayama alimtangaza mwaka 1998 akamwita Santanachelys gaffneyi, kwa heshima ya bingwa wa kobe Eugene Gaffney. Mkono wake ni wa ajabu. Kasa wa leo vidole vyake vimefungwa pamoja vikawa pezi moja gumu. Santanachelys alikuwa na pezi linaloanza tu, vidole bado vikiweza kujongea kimoja kimoja. Mtu angesema, huyu bado mgeni baharini. Lakini tazameni fuvu: nyuma ya macho pana nafasi kubwa ya tezi. Nyinyi mliowahi kumwona kasa akitaga usiku mmeona machozi yake, na pengine mkaambiwa analia kwa uchungu. Ni chumvi. Kasa akila baharini huingiza chumvi nyingi kuliko figo zake zinavyoweza kutoa, kwa hiyo tezi za machoni huimwaga nje. Hirayama alisoma jambo hilo kwenye jiwe: jamii hii ilijifunza kulia kabla haijajifunza kuogelea vizuri.

Halafu mwaka 2015 akatangazwa mzee zaidi, Desmatochelys padillai wa Villa de Leyva, Kolombia, mwenye umri wa zaidi ya miaka milioni 120 na urefu unaokaribia mita 2. Jenasi yake ilikuwa imeshabuniwa tangu 1894 na Samuel Williston, kwa kasa wa Nebraska aliyeishi mamilioni ya miaka baadaye. Huyu mzee anawekwa kundi moja na Archelon. Kwa hiyo wote wanaotajwa kuwa kasa wa kale kabisa wako kwenye kundi hilo hilo linalogombaniwa. Wakihesabiwa ndani ya ukoo wa kasa wetu, ukoo huo una zaidi ya miaka milioni 120. Wakitolewa nje, ukoo unakuwa mchanga kwa mamilioni mengi ya miaka. Siku hizi mafuvu hupigwa picha kwa mashine za hospitali, zile zinazokata mwili vipande bila kisu, ili kuona mifereji ya mishipa ya damu na mifupa ya sikio iliyofichika ndani ya jiwe. Nami nikiulizwa, nasema huko sikioni ndiko penye jibu, kwa sababu bahari haina sababu kubwa ya kuuchonga mfupa usioguswa na maji.

Na msidhani kila jina ni la profesa. Mwaka 2013 kilitangazwa kisukuku kutoka migodi ya fosfeti ya Moroko, huko wanakochimba mali ghafi ya mbolea. Fuvu peke yake lina urefu wa sentimita 70 hivi, na mdomo wake ni bomba refu la mfupa. Inaelekea alifyonza chakula chake. Hajulikani kasa mwingine mwenye mdomo wa namna hiyo. Jina lake ni Ocepechelon bouyai, na hiyo Ocepe ni herufi za shirika la fosfeti, O-C-P, zikasomwa kwa sauti.

Kwetu je? Kilwa na Lindi, chini ya minazi na mikorosho, kuna matabaka ya mfinyanzi yaliyotua baharini enzi za Puppigerus na hata kabla yake. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000 wanasayansi wamechimba humo visima vyembamba na kutoa maganda ya viumbe vidogo sana, yaliyohifadhiwa vizuri mno. Mkikuta mfupa umechomoza kwenye ukingo wa mto au korongo, popote pale, msiung'oe. Mfupa uliong'olewa bila kujulikana tabaka lake ni mfupa usio na umri. Upigeni picha, wekeni rula au kalamu pembeni ili ukubwa uonekane, andikeni mahali penyewe, mkaripoti: Tanzania ni kwa Makumbusho ya Taifa au maofisa wa Mambo ya Kale, Kenya ni Makumbusho ya Taifa ya Kenya. Ukitokea kuwa wa spishi mpya, msiuite kwa jina lenu wenyewe. Sheria haiwakatazi, ila wenzenu watawacheka. Mwacheni rafiki awaitie.